Kupima kiungo cha taya cha mtoto kwenye picha ya OPG: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa wazazi waliopewa ripoti isemayo viungo vya taya la mtoto havilingani, na pia wa wahudumu wa kliniki za meno Kisumu, Nakuru, Kakamega, Siaya na kwingineko magharibi mwa Kenya wanaozipima wenyewe picha za OPG, yaani eksirei ya meno na mataya yote. Maswali ya nyumbani na ya kazini yamechanganyika. Ruka yasiyokuhusu.

Ripoti inasema kondili za mwanangu hazilingani kwa asilimia 5. Nianze kuhofu?

Bado. Nambari hiyo peke yake haisemi mengi. Muulize daktari mambo matatu: ni kondili pekee iliyopimwa au kondili pamoja na ramasi? Picha ilipimwa mara ngapi? Na je, mtoto mwenyewe alichunguzwa, yaani kidevu kinaenda upande gani akifungua mdomo, unafunguka kiasi gani, na meno yanaumana vipi? Kama jibu ni kondili pekee, kipimo kimoja, na mtoto hakuguswa, hiyo asilimia 5 ni fununu tu. Watoto wengi wasio na shida yoyote huvuka mpaka wa asilimia 3 unaotajwa kwenye ripoti, na sababu yake tumeieleza hapo chini.

Kondili na ramasi ni nini?

Weka kidole mbele kidogo ya tundu la sikio, kisha fungua na ufunge mdomo. Kinachoteleza chini ya kidole ni kondili, kichwa cha mfupa wa taya la chini. Ramasi ni sehemu pana ya taya inayopanda kutoka kwenye pembe ya taya, chini ya sikio, hadi kwenye kondili. Kwa mtoto, kondili imefunikwa na gegedu linalochangia sana urefu wa upande huo wa taya. Ndiyo maana jeraha au ugonjwa wa kondili katika umri mdogo unaweza kuonekana miaka kadhaa baadaye kama kidevu kilichopinda.

OPG ni picha ya aina gani, na miale yake ni mingi?

Ni eksirei moja inayozunguka kichwa kwa sekunde 12 hadi 18 hivi na kuonyesha meno yote, mataya yote mawili na kondili zote mbili. Mashine za dijitali kwa kawaida hutoa takriban mikrosiveti 10 hadi 25. Wastani wa miale ya asili duniani ni milisiveti 2.4 kwa mwaka, sawa na mikrosiveti 6 au 7 kwa siku. Kwa hiyo OPG moja ni kama siku mbili hadi nne za kuishi tu. Hata hivyo haipigwi bila sababu, na haipigwi kwa lengo la kupima kondili peke yake kama hakuna dalili. Mara nyingi picha huwa imeshapigwa kwa ajili ya meno, na kondili hupimwa humo humo. Mashine za eksirei nchini ziko chini ya Mamlaka ya Udhibiti wa Nyuklia, KNRA, kwa sheria ya mwaka 2019. Una haki ya kuuliza kama chumba kina leseni.

Mtoto apangwe vipi kwenye mashine ili picha ifae kupimwa?

Kazi ya kupima huharibikia hapa kuliko mahali pengine popote. Programu ya kompyuta haiwezi kuokoa picha ya kichwa kilichopinda.

Toa kwanza kila chuma: vipuli, mkufu, pini za nywele na za hijabu, shanga zenye chuma kwenye rasta, miwani. Kipuli cha sikio la kulia huacha kivuli kizito upande wa kushoto, juu zaidi ya kilipo, na kivuli hicho kinaweza kutua karibu na kondili unayotaka kuipima. Rekebisha urefu wa mashine mtoto akiwa amesimama wima. Asijinyooshe kuifikia wala asikunje shingo. Mdogo sana apewe stuli imara. Shingo ikikunjwa, uti wa mgongo huacha utepe mweupe katikati ya picha.

Mstari wa taa wa wima upite katikati ya uso: kati ya nyusi, puani, kidevuni. Mstari wa mlalo uunganishe ukingo wa chini wa tundu la jicho na sehemu ya juu ya tundu la sikio, sambamba na sakafu. Angalia pande zote mbili, si ule tu ulio karibu nawe. Meno ya mbele yaume ndani ya mfereji wa kijiti cha kuuma cha mashine. Mtoto wa miaka 6 au 7 mwenye mapengo hana meno ya kukiuma, basi tumia kishikilio cha kidevu, au funga kipande cha shashi kwenye kijiti ili ufizi ushike vizuri. Ulimi ubanwe kwenye kaakaa na midomo ifungwe.

Chagua mpangilio wa mtoto kwenye mashine, si ule wa mtu mzima uliopunguzwa kwa kukisia. Kisha zungusha mashine mara moja bila miale ili azoee mlio na ule mkono unaopita karibu na uso. Watoto wengi hugeuka kuufuata kwa macho, na kichwa hufuata macho. Mwambie atazame alama moja ukutani mbele yake.

Jambo moja la kwetu: stima ikipotea katikati ya mzunguko, picha hukatika na mtoto hupigwa mara ya pili. Siku ya mawingu mazito ya alasiri Kisumu au Kakamega, hakikisha betri ya akiba ya mashine inafanya kazi kabla ya kubonyeza.

Nitajuaje kichwa kilikuwa kimegeuka?

Linganisha upana wa gego la kwanza la kudumu la chini, lile namba 6, kulia na kushoto. Likiwa pana zaidi upande mmoja, na ramasi ya upande huohuo ikawa pana pia, kichwa kiligeuka. Upande uliosogea mbali na kipokezi cha picha hukuzwa zaidi. Picha ya namna hii usiipime ulinganifu.

Kondili moja ikiwa juu sana kuliko nyingine na mstari wa meno ukapanda kama mlima, kichwa kiliinama upande. Kidevu kikishushwa mno, meno hukunjika kama tabasamu lililozidi na vichwa vya kondili vinaweza kukatwa na ukingo wa juu wa picha. Kikiinuliwa mno, mstari wa meno hunyooka au hupinduka, na kivuli cha kaakaa hulalia mizizi ya meno ya juu.

Hatua zenyewe za kupima ni zipi?

Njia inayotumika zaidi ni ya Habets na wenzake wa Uholanzi, iliyochapishwa 1987 na 1988. Unahitaji faili asili ya picha na programu yenye rula. ImageJ, inayotolewa bure na taasisi ya afya ya Marekani, inatosha kabisa.

Fungua picha, ikuze hadi kondili moja ijaze nusu ya skrini, na urekebishe mwangaza hadi ukingo wa nyuma wa ramasi uonekane wazi. Chora mstari A unaogusa sehemu mbili zilizochomoza zaidi nyuma: moja kwenye kondili, iite O1, na nyingine chini kwenye ramasi, karibu na pembe ya taya, iite O2. Kisha tafuta ncha ya juu kabisa ya kondili na uchore mstari B kutoka hapo, unaokata mstari A kwa nyuzi 90. Umbali kutoka B hadi O1, ukipimwa juu ya mstari A, ndio urefu wa kondili. Umbali kutoka O1 hadi O2 ndio urefu wa ramasi. Andika yote mawili pamoja na jumla yake, kisha uhamie upande wa pili.

Njia ya mkato inayopunguza makosa: zungusha picha hadi mstari A usimame wima kabisa. Sasa huhitaji kuchora B. Soma tu nafasi ya wima ya kila nukta kwa pikseli na utoe. Zungusha upya kwa ajili ya upande mwingine, kwa sababu pembe ya kulia na ya kushoto hazilingani.

Nukta inayosumbua ni O1. Kondili ya mtoto mara nyingi ni ya mviringo, na juu ya mviringo sehemu iliyochomoza zaidi si nukta moja bali ni kipande cha milimita moja au zaidi. Jiwekee kanuni moja, kwa mfano katikati ya kile kipande kinachogusana na mstari, na uifuate kwa picha zote. Tatizo la pili ni tao la shavu, ambalo kivuli chake hulalia ncha ya kondili. Kama ncha haionekani, andika "haipimiki". Usiikisie.

Hesabu inafanywaje?

Chukua tofauti ya kulia na kushoto, igawanye kwa jumla ya kulia na kushoto, zidisha kwa 100. Jibu huitwa fahirisi. Alama ya kutoa haihesabiwi.

Tuseme kondili ya kulia ni milimita 6.8 na ya kushoto 6.1. Tofauti ni 0.7, jumla ni 12.9, na fahirisi ni 5.4. Ramasi ya kulia ni 41.0 na ya kushoto 40.2: tofauti 0.8, jumla 81.2, fahirisi 1.0. Ukiunganisha kondili na ramasi unapata 47.8 na 46.3, fahirisi 1.6. Mtoto huyohuyo, picha hiyohiyo: kondili "hailingani", lakini upande mzima wa taya unalingana.

Wengi hulisoma jibu vibaya. Fahirisi ya 5.4 haimaanishi upande mmoja ni mfupi kwa asilimia 5.4. Kwa kuwa tumegawanya kwa jumla ya pande mbili, tofauti halisi ni karibu maradufu: 6.8 inaizidi 6.1 kwa asilimia 11 na ushee. Inasikika kubwa, lakini ni milimita 0.7 tu juu ya picha ambayo yenyewe imekuzwa kwa asilimia 20 hadi 30. Kwenye mfupa wenyewe ni kama nusu milimita.

Mpaka wa asilimia 3 ulitoka wapi?

Habets na wenzake waliona kwamba kichwa kikihama sentimita 1 ndani ya mashine, urefu wa pande mbili unaweza kutofautiana kwa asilimia 6 kwenye picha, hata kama mifupa iko sawa. Weka 106 na 100 kwenye hesabu ya hapo juu: 6 gawanya kwa 206 ni 2.9. Ndiyo hiyo 3. Kwa maneno mengine, mpaka huo uliwekwa kuondoa makosa ya kupanga kichwa. Haukuwekwa kutenganisha mtoto mzima na mgonjwa, na anayeuandika kwenye ripoti kama mpaka wa ugonjwa anaupa kazi isiyo yake.

Mpaka huo pia hauhesabu makosa ya mkono wako. Ukikosea milimita 0.4 upande mmoja, jambo la kawaida kabisa, kwa kondili ya milimita 6.5 fahirisi inaruka kwa takriban 3. Umeshavuka mpaka bila ugonjwa wowote. Kosa hilohilo kwenye ramasi ya milimita 41 ni nusu asilimia. Kwa mtoto, sisi huanza kuangalia jumla ya kondili na ramasi, kisha kondili peke yake huja baadaye.

Kuna njia nyingine isiyotegemea nukta O1?

Ipo ya Kjellberg na wenzake wa Uswidi, ya mwaka 1994, iliyojaribiwa kwa watoto wenye baridi yabisi. Hapa kondili hupimwa kutoka ncha yake hadi kina cha kile kibonde kilicho mbele yake juu ya ramasi, vyote vikiangushwa kwa nyuzi 90 kwenye mstari wa ramasi. Urefu huwa mkubwa zaidi, hivyo kosa dogo la mkono haliyumbishi jibu. Ulinganifu ni upande mdogo gawanya kwa mkubwa mara 100, na 100 ni sawa kabisa. Usichanganye majibu ya njia hizi mbili kwenye faili moja. Moja hupanda hali ikiwa mbaya, nyingine hushuka.

Kwa nini hampimi upana wa kondili, au nafasi ya kiungo?

Upana kwenye OPG hubadilika kila mfupa unaposogea mbele au nyuma ya tabaka ambalo mashine inalipiga wazi. Urefu wa wima huvumilia zaidi. Tena kondili imekaa kimshazari kichwani, kwa hiyo unachokiona si sura yake ya mbele wala ya pembeni. Nayo nafasi ya kiungo haina maana hapa, maana mtoto anapouma kijiti kwa meno ya mbele, taya husogea mbele na kondili hutoka kidogo kwenye tundu lake.

Nimepima picha moja mara mbili na majibu hayafanani. Nifanye nini?

Kwanza jua kosa lako ni kubwa kiasi gani. Chagua picha 20, zipime, zifiche kwa wiki mbili, zipime tena bila kuangalia majibu ya kwanza. Kwa kila picha chukua tofauti ya vipimo viwili, izidishe kwa yenyewe, jumlisha zote, gawanya kwa 40 (mara mbili ya idadi ya picha), kisha tafuta kipeo cha pili. Hiyo ni hesabu ya Dahlberg. Jumla ikiwa 3.6, kosa lako ni milimita 0.3. Likizidi 0.5 kwa kondili, acha kutoa ripoti ya kondili hadi urekebishe kanuni yako ya kuweka O1. Na kwa mgonjwa yeyote, pima mara mbili na utumie wastani.

Naweza kutuma picha kwa WhatsApp ipimwe?

Kuangaliwa, ndiyo. Kupimwa, hapana. WhatsApp huibana picha na ukingo wa kondili hulegea, na kipimo cha milimita kilichobebwa na faili asili hupotea. Fahirisi ni uwiano, kwa hiyo kukosa milimita si mwisho wa dunia. Balaa ni ile picha iliyopigwa kwa simu kutoka kwenye skrini au filamu iliyoshikwa dirishani. Simu ikiinama kidogo tu, upande mmoja unakuwa karibu na kamera na hivyo mrefu zaidi. Omba faili asili ya picha, iitwayo DICOM, kwenye flashi au CD.

Ukingo wa kondili ni hafifu, hauna mstari mweupe. Ni baridi yabisi?

Kwa mtoto hiyo huwa kawaida. Ganda gumu la kondili hukamilika baada ya ujana. Kinachotia shaka ni kondili iliyobapa, iliyomegeka au iliyo fupi waziwazi, hasa ikiambatana na mdomo usiofunguka, uso mgumu asubuhi, au magoti na vifundo vilivyovimba. Baridi yabisi ya watoto inaweza kula kiungo cha taya bila maumivu yoyote, na OPG huonyesha madhara yakishatokea. Uvimbe ulio hai huonekana kwa MRI, picha inayopigwa kwa sumaku.

Ni nini hufupisha upande mmoja?

Anza kwa kuuliza kuhusu kuanguka. Mtoto akianguka kutoka kwenye mwembe, mpera au bodaboda na kutua kwa kidevu, nguvu hupanda hadi kwenye shingo ya kondili na kuivunja. Nyumbani huonekana kidonda cha kidevu tu. Kinashonwa, kinapona, na mvunjiko hausemwi. Kwa hiyo kila mtoto mwenye kovu chini ya kidevu aangaliwe kondili, na kila aliyeshonwa kidevu apimwe ufunguzi wa mdomo siku hiyohiyo: vidole vitatu vyake mwenyewe, vikisimamishwa wima, viingie kati ya meno ya mbele. Kidevu kikielekea upande mmoja anapofungua, mara nyingi huo ndio upande ulioumia. Kondili ya mtoto mdogo hujitengeneza upya vizuri mno. Wengi hutibiwa kwa chakula laini na mazoezi ya mapema ya kufungua mdomo, bila upasuaji. Hatari ni taya kuachwa tuli hadi kiungo kigande.

Sababu nyingine ni usaha wa sikio ulioenea hadi kwenye kiungo, baridi yabisi, na hali ya kuzaliwa ambapo sikio na shavu la upande mmoja ni dogo. Kuna pia upande mmoja kukua kupita kiasi, ambao huonekana zaidi kuanzia balehe. Hapo upande "mfupi" ndio mzima! Angalia ukingo wa chini wa taya, mbele ya pembe yake. Kibonde kirefu upande mmoja huashiria kwamba upande huo umedumaa.

Meno ya nyuma yakiumana kinyume upande mmoja, mtoto huburuta taya pembeni ili afunge mdomo. Uso huonekana umepinda wakati mifupa iko sawa au karibu sawa. Hilo hurekebishwa kwa kupanua taya la juu, na ni bora lifanywe mapema.

Mwanangu hutafuna muwa upande mmoja tu. Ndio umepindisha taya?

Haijathibitishwa. Chunguza kwanza kwa nini anakwepa upande ule mwingine. Mara nyingi kuna gego lililooza.

Meno ya mbele yamehamia upande mmoja lakini kidevu kiko katikati.

Hesabu chonge za chini. Baadhi ya familia huku kwetu bado hung'oa vichipukizi vya chonge za mtoto mchanga, wakiita meno ya plastiki na kuyalaumu kwa kuhara na homa. Baadaye chonge hukosekana na meno jirani hujaza nafasi. Hilo ni tatizo la meno, na fahirisi ya kondili hailihusu.

Picha irudiwe lini, na CBCT inahitajika lini?

Fahirisi iliyozidi kidogo, mtoto akiwa hana dalili: mchunguze kwa mkono na rula baada ya miezi 6, bila picha. Picha mpya baada ya mwaka au zaidi, ikiwa tu kuna mabadiliko au inahitajika kwa meno. Ipigwe kwenye mashine ileile, kwa kuwa ukuzaji hutofautiana kati ya mashine. Aliyevunjika kondili afuatiliwe hadi ukuaji uishe.

CBCT, yaani skani ya eksirei ya pande tatu, huonyesha mfupa kwa pande zote lakini miale yake kwa kawaida inazidi ya OPG. Iache kwa kiungo kilichoganda, mvunjiko uliohama, upasuaji unaopangwa, au kidevu kinachozidi kupinda.

Tuje na nini siku ya picha?

Barua ya daktari inayotaja kwamba kondili zitapimwa, tarehe kamili ya kuzaliwa, picha za zamani hata kama ni filamu, na flashi isiyo na virusi. Piga simu kabla ya kutoka Busia, Homa Bay au Molo uulize kama mashine inafanya kazi. Mtoto asukwe nywele baada ya picha, si jana yake.